Gia ya Tatu

Katika nchi yote ya Kyela, miaka ile ya Wajerumani, hapakuwa na mtu aliyependa chuma kama Anyosisye Mwaipaja wa Katumba Songwe. Wenzake walipenda ng'ombe. Walimjua kila ng'ombe wa jirani kwa rangi na kwa ukoo, na habari ya fahali mmoja iliweza kuwachukua asubuhi nzima. Anyosisye aliwasikiliza kwa adabu, lakini macho yake yalikuwa kwenye jembe la mtu, akitazama lilivyofuliwa vibaya.

Misheni ndiko alikoanzia. Alipelekwa huko mdogo akasome, na alipopata nguvu za mikono akatiwa karakanani, akapewa tupa na kufundishwa kunyoosha kipande cha chuma mpaka kikae sawasawa na kingine pasipo mwanga kupenya katikati. Wengi waliichukia kazi ile. Yeye aliota juu yake. Baadaye akaajiriwa bandarini Mwaya, kwenye matengenezo ya meli, akajifunza shafti, vali na bushi, na akajijengea kibanda cha ufundi nyumbani kwake, nyuma ya migomba, chenye jiliwa kuukuu na tanuri dogo la mivukuto.

Mkewe, Tusekile, alikuwa Mkisi wa Ikombe, ng'ambo ile ya ziwa ambayo hufikiwa kwa mtumbwi tu, na kama wanawake wa kwao alikuwa mfinyanzi. Walikuwa na binti mmoja, Damari. Jioni mume alinukia makaa, mke alinukia udongo mbichi, nao walitaniana juu ya hilo. Ilikuwa nyumba yenye kicheko. Ni vizuri hilo lijulikane mapema, kwa sababu halikudumu.

Mwaka mmoja hivi kabla ya vita, meli ilishusha Mwaya gari la mbio. Lilikuwa dogo, jekundu, la viti viwili, halina paa, limelala chini kama mnyama anayenyemelea. Mwenyewe alikuwa Bwana Riedel, Mjerumani mwenye shamba la mpira kando ya mto Mbaka. Kwao aliwahi kushindana kwa magari ya namna hiyo, akaumia mkono wa kuume, vidole viwili havikukunjika tena. Wengine huleta kinanda au mbwa wao wa kuwindia. Yeye alileta gari.

Gari la mbio halitaki shimo wala jiwe, na njia ya Mwaya ilikuwa na vyote viwili. Basi akida, aliyewekwa na Wajerumani kutawala vijiji vile, akaanza kuwatoa watu. Kila kijiji kilipewa sehemu yake: wanaume wachimbe na kusawazisha, wanawake wabebe mchanga, na ardhi ishindiliwe kwa magogo mpaka iwe ngumu kama sakafu. Aliyechelewa alilazwa chini akachapwa kiboko. Wakati wa kutayarisha mashamba ya mpunga ulifika na watu bado wako barabarani, wakimtengenezea mtu mmoja mahali pa kuchezea.

Anyosisye hakutolewa. Alikuwa na cheti cha bandari. Asubuhi alipita kando ya wenzake waliopinda migongo, akawaamkia, "Mwagonile," nao wakamwitikia.

Kisha mvua za kwanza zikanyesha, na gari likazama kwenye tope karibu na Ipinda. Bwana Riedel akalilazimisha. Akasukuma mkono wa gia mbele, akaurudisha nyuma, akausukuma tena kwa hasira, na ndani ya gari pakatoka mlio kama wa fisi anayevunja mfupa. Baada ya hapo injini ilinguruma vizuri tu, lakini magurudumu hayakuendelea. Ng'ombe waliletwa kulivuta.

Vipuri vilikuwa Ujerumani. Kuvileta kwa bahari, kisha kwa mito, kisha kwa ziwa, kungechukua labda mwaka mzima. Akida akaacha kuita watu, kwani njia haikuwa na wa kuipita. Watu wakarudi mashambani, mpunga ukapandwa kwa kuchelewa, lakini ukapandwa.

Bwana Riedel alikuja Mwaya mwenyewe kumtafuta Anyosisye.

"Fundi," alisema kwa Kiswahili chake cha pwani, "waliniambia wewe huzungumza na chuma. Unaweza kufungua sanduku la gia?"

"Sijapata kuliona, Bwana. Lakini lililofungwa na mtu hufunguliwa na mtu."

"Karakana ya bandari wamekataa. Wana meli yao ya kutengeneza."

Anyosisye hakufikiri hata kidogo. "Lileteni nyumbani kwangu," alisema.

Lililetwa likining'inia kwenye mti mabegani mwa watu, likawekwa juu ya meza ya mninga kibandani. Alipofungua mfuniko, mafuta meusi yalimwagika na vipande vya chuma viking'aa ndani yake. Aliinama, akatazama, na Tusekile aliyekuwa amesimama mlangoni na Damari mgongoni aliona uso wa mumewe ukibadilika kama wa mtu aliyefunuliwa siri.

Ndani mlikuwa na shafti mbili zilizolala sambamba, zimevikwa magurudumu madogo yenye meno. Mkono wa gia ulisukuma uma, uma ukasogeza gurudumu moja, nalo likaumana na la shafti ya pili. Kubwa kwa dogo kwa kupanda mlima, yanayokaribiana ukubwa kwa kukimbia. Basi. Yote yale ya kutimua vumbi na kutisha ng'ombe ilitoka katika meno kuumana na meno. Gia ya tatu ilikuwa imeng'oka meno upande mzima. Uma ulikuwa umepinda. Bushi zimelika, shafti inacheza.

"Ni kazi ya mwaka," alisema Tusekile.

"Ni kazi yangu," Anyosisye akajibu, na hakuwa akimjibu yeye.

Akaomba ruhusa bandarini, akapewa. Uma aliunyoosha kwa moto mdogo. Bushi alizimimina upya kwa shaba kuukuu ya meli. Ila gia ya tatu ilimbidi aichonge tangu mwanzo, kutoka kwenye kipande cha shafti ya meli iliyokatika. Alichovya gia mbovu katika nta, akapata alama ya meno yale mazima, akayahamishia kwenye chuma kipya, na akaanza kukata: msumeno, tupa, kupima, tupa tena. Kutwa nzima mlio wa tupa ulisikika ndani ya migomba.

Bwana Riedel alikuja mara kwa mara. Hakuwa mtu wa matusi. Aliketi juu ya gogo, akachora ardhini kwa kijiti jinsi jino linavyopaswa kupinda ubavuni ili lisisagane, na mara nyingine alishika tupa kwa mkono wake mzima, akachonga kidogo, akatikisa kichwa na kuirudisha. "Mkono wangu umekufa," alisema siku moja. "Wewe ndiwe mkono wangu." Anyosisye aliyachukua maneno yale akalala nayo.

"Likipona," Bwana Riedel aliongeza, "utapanda pamoja nami."

Siku ya pili yake alikuja Hezroni, jirani wa mpaka mmoja, mtu mzima, ambaye mgongo wake ulikuwa na makovu ya barabarani. Alisimama akatazama gurudumu la chuma lenye meno mapya.

"Linapendeza," alisema.

"Ndaga, tata," Anyosisye alimshukuru.

"Linakaribia kwisha?"

"Bado kulikaza kwa moto."

Hezroni akasema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi: "Polepole na hiyo kazi, mwanangu. Acha mpunga uchukue mizizi kwanza. Tupalilie. Chuma hakiozi kikikaa."

Anyosisye alicheka. Hakucheka kwa dharau, alicheka kwa sababu alidhani mzee anatania. Aliielewa maana yake baada ya Hezroni kuondoka, na hata hivyo aliokota tupa. Jino moja lilikuwa limebaki juu kidogo kuliko mengine, naye hakuweza kuliacha hivyo.

Chuma laini kisingestahimili. Ilibidi kifungiwe ndani ya chungu pamoja na makaa ya mifupa na kwato, kizibwe kwa udongo, kikae motoni mpaka ngozi yake ya juu iwe ngumu, ndipo kichovywe majini. Chungu cha kwanza kilipasuka, moto ukaingia, gia ikapinda. Akachonga nyingine. Tusekile, aliyeona mumewe halali wala hali, akasema udongo wa huku haufai. Akatuma habari Ikombe. Mdogo wake, Lutengano, akaja kwa mtumbwi hadi Matema, na kutoka Matema akatembea na udongo wa kwao umefungwa majanini. Tusekile akauchanganya na vigae vilivyosagwa, akafinyanga vyungu vinene, vizito, visivyo na pambo lolote.

Lutengano alikuwa kijana mcheshi, mvuvi, hajaoa. Alipenda kuvuta mivukuto kwa sababu, alisema, hajapata kuona shemeji yake akitoa jasho kwa kazi isiyoliwa. "Shemeji, ukimaliza utalipika na ndizi?" alimuuliza, na wote watatu wakacheka. Alikusudia kurudi kwao mapema, lakini mvua ilikuwa imesimama kwa juma zima, kwa hiyo hakuwa na haraka, na chungu kilikuwa motoni, naye alitaka kuona mwisho wake.

Chungu kilivumilia. Anyosisye alikivunja, akaitoa gia kwa koleo, nyekundu kama jua la machweo, akaichovya. Ilipopoa akapitisha tupa juu ya jino. Tupa iliteleza. Haikung'ata hata kidogo. Mtu yule alikaa chini akalia, na Tusekile akamfuta uso kwa mikono yenye udongo.

Sanduku lilirudishwa garini. Siku hiyo hiyo akida alianza kuita watu.

Bwana Riedel alitimiza neno lake. Anyosisye alivaa kanzu yake ya kanisani, akaketi kiti cha kushoto, na gari likaondoka shambani. Gia ya kwanza, ya pili. Kisha Bwana Riedel akakanyaga, akavuta mkono wa gia, na ya tatu ikaingia laini, pasipo mlio, kama mkono unavyoingia katika mkono wa rafiki. Upepo ukampiga Anyosisye usoni. Hajapata, kabla wala baada ya hapo, kuwa na furaha kama ile, na hilo ndilo jambo ambalo baadaye hakuweza kujisamehe.

Maana watu walikuwa barabarani. Walipangwa kandokando wakijaza mashimo, wakaruka pembeni gari lilipokuja, wakainua vichwa. Alimwona Hezroni. Alimwona mke wa Hezroni na kapu la mchanga kichwani. Nao walimwona yeye, katika kanzu nyeupe, ameketi kando ya Mzungu. Halafu, mbele kidogo, kati ya watu wa kijiji kingine, akamwona Lutengano na jembe mkononi. Alikuwa amekwenda sokoni asubuhi kununua tumbaku ya kurudi nayo kwao. Askari hawakumuuliza anatoka wapi.

"Bwana, simama!" Anyosisye alipiga kelele. "Yule ni shemeji yangu! Si mtu wa huku!"

"Sikiliza!" Bwana Riedel alicheka, nywele zake zikipeperuka. "Sikiliza fundi, hailii! Hailii hata kidogo!"

Waliposimama mwisho wa njia, Anyosisye alirudia maneno yake, sasa kwa sauti ya kuomba. Bwana Riedel alisikiliza, akampiga bega.

"Shemeji yako? Haya, nitasema na akida. Kesho."

Labda alikusudia kweli. Lakini kesho yake alikuwa na haja ya kuwaonyesha gari lake wenzake wa Tukuyu, akaondoka alfajiri, wakamkaribisha, akakaa huko. Anyosisye alimngoja langoni mwa shamba, kisha akaenda kwa akida mwenyewe, mtu aliyekuwa anakula, ambaye hakuacha kula.

"Njia ni ya nini?" akida alimuuliza.

"Ya gari, Bwana Akida."

"Na gari nani amelitengeneza?"

Akida alimega tonge jingine.

"Sasa unanilalamikia nini?"

Mvua zikarudi kwa nguvu. Tope likarudi, na Bwana Riedel kutoka Tukuyu akatuma agizo kwamba njia iinuliwe kwa tuta ili gari lipate kushuka. Watu wakapelekwa kuchimba mchanga kwenye ukingo wa Mbaka, na mto ukiwa umejaa. Lutengano alikuwa chini kabisa, kwa sababu alikuwa kijana na mwenye nguvu na hakuwa na mzee wa kumsemea. Ukingo ulikatika juu yake. Walimfukua kwa mikono, na walipompata, kinywa chake kilikuwa kimejaa udongo.

Waliomleta nyumbani kwa Anyosisye walikuwa watu wa Katumba, Hezroni akiwa mbele. Waliweka machela ya majani ya migomba uani, wakamwambia Tusekile maneno ya pole. Anyosisye walimpita kama wanavyoupita mti. Tusekile hakupiga yowe. Aliinama, akaanza kumsafisha mdogo wake masikio.

Walimsafirisha Ikombe kwa mtumbwi kutoka Matema, akazikwa kwao. Tusekile alikwenda naye, pamoja na Damari, na hakurudi.

Anyosisye alimfuata baada ya matanga. Alimkuta ameketi mbele ya nyumba ya mama yake, hafinyangi, mikono imelala mapajani.

"Mama Damari," alisema, "nimekuja kuwachukua."

"Baba Damari, kaa uniambie neno moja. Hezroni alikuja kwako kabla ya chungu cha kwanza. Alikuambia nini?"

Alitaka kusema hakumbuki. "Alisema nisubiri mpunga," akajibu.

"Nawe ulimjibu nini?"

"Nilicheka."

Tusekile alitikisa kichwa polepole, kana kwamba amepata kitu alichokuwa akikitafuta na hakikumfurahisha. "Mimi nilifinyanga vyungu," alisema. "Lutengano aliubeba udongo. Lile gari tulilitengeneza sote watatu, na mimi dhambi yangu naijua. Lakini aliyelipanda ni wewe peke yako. Nenda nyumbani."

Alikwenda. Bandarini walimrudisha kazini, lakini kila akishika tupa aliirudisha chini, na kabla ya mwaka kwisha waliacha kumhitaji. Akalima mpunga. Watu walimwamkia njiani, kwa kuwa si desturi kumpita mtu kimya, ila hakuna aliyeingia uani kwake kukaa.

Vita ilipoanza, Bwana Riedel alivaa nguo za askari. Mafuta ya gari hayakuja tena, basi likafungiwa ghalani, na barabara ikaota majani. Alipita kumuaga Anyosisye, akiwa juu ya nyumbu. "Tukishinda, fundi, tutakwenda nalo mpaka Iringa," alisema, akampa mkono wake mbovu. Habari ya Lutengano hakuigusa. Anyosisye alitambua hapo kwamba mtu yule hakuwa akiificha. Alikuwa ameisahau. Aliushika mkono ule, kwa vile hakujua la kufanya nao, na nyumbu akaondoka.

Mwaka wa 1916 Waingereza walivuka mto Songwe. Wajerumani walikuwa wamekwisha kurudi nyuma mlimani. Afisa mmoja alilikuta gari ghalani, akafurahi, akataka mtu anayelijua. Wanaume wa Katumba wakakusanywa, na mkalimani aliyetoka ng'ambo ya mto akauliza nani ni fundi.

Hezroni akanyoosha kidole. "Huyu hapa."

Huenda Hezroni alidhani anamtendea wema. Huenda hapana. Anyosisye alitazama mikono yake, na mara moja, kwa ghafla, alitamani. Alitamani kuufungua ule mfuniko aone meno ya gia yake yamelikaje. Ile hamu ndiyo iliyomtisha kuliko afisa.

"Anakosea," alisema. "Mimi ni mkulima. Gari silijui."

Mkalimani akamweleza afisa. Afisa akamtazama Anyosisye toka juu hadi chini, akasema maneno machache.

"Anasema," mkalimani akatafsiri, "kama huna ufundi, basi una mabega."

Alitiwa kamba pamoja na wengine, akabebeshwa sanduku la risasi kupanda milima ya Wakinga katika baridi ambayo mtu wa ziwani haizoei. Wengi hawakurudi. Yeye alirudi akiwa mifupa, anahara damu. Gari, aliambiwa, askari walijaribu kulivuta hadi Mwaya wakalitumbukiza mtoni. Matairi yalikuwa yamekwisha katwa kuwa makubazi.

Tusekile alisikia kuwa yu hai na hawezi kusimama. Alikuja na Damari. Alimwosha, akampikia uji, akamfulia, akafagia nyumba mpaka kibandani. Alikaa hadi mgonjwa alipoweza kutoka nje mwenyewe. Siku aliyomwona amefika kwenye migomba na kurudi bila fimbo, alianza kufunga mzigo wake.

"Kaa," Anyosisye alisema.

"Nikilala hapa nasikia tupa," alijibu. "Hata wewe usiposhika kitu."

Damari, ambaye sasa alikuwa na umri wa kuuliza mambo, alikuwa amesimama kati yao.

"Baba, mbona kule njiani watu wanakuita Bwana Gari? Gari liko wapi?"

Anyosisye alimtazama mkewe amsaidie. Tusekile aliendelea kukaza fundo.

"Sina gari," alimwambia mtoto.

"Basi waambie waache."

"Hapana," alisema. "Wao wana haki ya kuniita hivyo."

Aliwasindikiza hadi mwisho wa migomba, akashindwa kuendelea, akasimama ameshika shina. Mama na mtoto walifuata njia ya Matema, ile ya zamani, kwa miguu, wakikwepa madimbwi. Walipopotea machoni alichukua jembe, akaenda kupalilia, akapumzika kila baada ya hatua chache, mpaka mvua ilipomrudisha ndani.